Kovu la Bibi, Simu Yangu na Kitabu cha Barthes

Bibi yangu alipofariki mwaka juzi, baba mdogo alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Tulilia kidogo wote wawili, kisha akasema: "Mwanangu, wewe si ndiye mwandishi wa habari? Tuletee picha nzuri ya mama, ya kuweka mbele ya jeneza." Nikajibu, "Sawa baba," nikidhani ni kazi ndogo. Simu yangu ilikuwa na picha zaidi ya elfu nne.

Nilipekua safari nzima ya basi, kutoka Dar hadi Moshi. Picha za Bibi zilikuwa kumi na tisa. Hii amekaa mlangoni, jua liko nyuma yake, uso mweusi tii. Ile yuko kanisani, nimemvuta kwa vidole viwili nikiwa benchi la mwisho, uso umekuwa uji. Zilizobaki ni selfi, mimi na yeye shavu kwa shavu. Hizo mwanga ulikuwa mzuri, lakini huyo mwanamke aliyekaa pembeni yangu sikumjua. Simu ilikuwa imemlainisha. Makunyanzi hakuna, ngozi imepauka, na lile kovu dogo la kidevuni, alilolipata utotoni alipoangukia jembe, limefutwa kabisa.

Wiki chache baada ya mazishi nilirudia kitabu nilichokisoma chuoni kwa ajili ya mtihani tu: La Chambre claire cha Roland Barthes, ambacho wengi wetu tunakijua kwa tafsiri ya Kiingereza, Camera Lucida. Mfaransa huyu alikiandika baada ya kufiwa na mama yake mwaka 1977, kikatoka 1980. Naye alikaa akipekua picha, moja baada ya nyingine, akimtafuta mama yake asimwone. Mwishowe alimpata kwenye picha ya mwaka 1898, mama akiwa mtoto wa miaka mitano. Picha hiyo hakuiweka kitabuni. Kwetu sisi, anasema, ingekuwa picha tu kama nyingine.

Chuoni nilidhani hizo ni mbwembwe za wasomi. Safari hii nililia.

Lakini uhakiki si kulia, na mimi na Barthes tuna ugomvi wa mambo mawili.

La kwanza. Anasema kiini cha picha ni ushahidi, yaani kinachoonekana pale kilikuwapo kweli mbele ya kamera. Kwa kamera ya filamu, haya. Simu za leo nyingi hupiga fremu kadhaa kwa mguso mmoja, zikaziunganisha, zikaamua zenyewe anga liwe la bluu kiasi gani na ngozi iwe laini kiasi gani. Yule Bibi wa kwenye selfi zangu hakuwahi kukaa mbele ya kamera yoyote. Kwa hiyo ushahidi ambao Barthes aliuona kuwa ni tabia ya picha yenyewe, leo ni jukumu la anayepiga. Asipoulinda, haupo.

La pili. Barthes anaandika kama mtazamaji. Anakiri mwenyewe kwamba si mpiga picha, subira hana. Anatupa neno punctum, kile kitu kidogo pichani kinachokuchoma bila kupiga hodi, na anasema mpiga picha hawezi kukipanga. Nakubali, kovu la Bibi hakuna aliyelipanga. Ila mpiga picha anaweza kulifuta! Hili Barthes halisemi, na kwangu ndipo ulipo ufundi wote wa picha ya simu: kuacha kufuta.

Ndiyo maana siku hizi maelekezo ya kupiga picha kwa simu nayasoma kama kanuni za uhariri. Safisha lenzi kwa kitambaa laini, maana imetoka mfukoni na mafuta ya vidole. Usivute kwa vidole, sogea kwa miguu; mara nyingi huko kuvuta ni kukata kipande cha picha na kukikuza tu. Mgeuze mtu autazame mwanga badala ya kuupa mgongo. Kivuli cha barazani mchana kinashinda flashi. Gusa uso wake kwenye kioo ili simu ijue unamtaka nani, na ukiona ngozi imepauka, shusha kile kialama cha jua. Zima kulainisha sura. Halafu subiri.

Picha tuliyoweka mbele ya jeneza ilipigwa na binti wa shangazi, darasa la nne, kwa simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka. Mlango wa jiko, kivulini, asubuhi. Nilimuuliza alifanyaje. "Bibi alisema nisubiri amalize kufunga kilemba." Basi. Makunyanzi yote yapo, macho yanamcheka mtoto, kovu lipo.

Tena lipo upande wa kulia. Mimi ningeapa ni kushoto. Barthes naye yalimkuta: anapoizungumzia picha ya familia ya Wamarekani weusi iliyopigwa na James Van der Zee mwaka 1926, anakumbuka kidani cha dhahabu shingoni mwa mwanamke mmoja, kama alichokuwa akivaa shangazi yake. Pichani ni lulu. Kumbukumbu nayo inalainisha, wapenzi wa fasihi, tena bila kutuuliza. Picha ya kweli inatusahihisha, ili mradi tusiwe tumeiharibu tangu siku ya kuipiga.

Kitabu hiki ukikipata, kisome, ni kifupi. Ila kwanza fungua mipangilio ya kamera yako uone kama kulainisha sura kumewashwa. Kwangu kulikuwa kumewashwa miaka mitatu.