Karatasi Chini ya Kiti

Kuna aina moja ya maandishi ya Kimarekani inayosomwa kwa makini kuliko riwaya nyingi, na haina sentensi hata moja. Ni karatasi iliyojaa visanduku, nambari na herufi kama E74, D21, EV2. Katika viwanda vya magari vya Detroit, miaka ya sitini na sabini, karatasi hii ilichapwa na mashine na kusambazwa kwenye vituo vya kazi, ili mtu aliye kwenye laini ajue gari linalomjia linataka injini gani, gia gani, rangi gani, viti gani. Gari likishapita, karatasi ilikuwa takataka. Wafanyakazi wengine waliitupa. Wengine waliisukumia kwenye springi za kiti, au nyuma ya dashibodi, au juu ya tangi la petroli, wakaendelea na kazi.

Leo, miaka hamsini na zaidi baadaye, mtu akifungua kiti cha nyuma cha konvatibo ya 1970, yaani gari la paa la turubai linalokunjwa, akapata karatasi hiyo nusu imeliwa na panya, bei ya gari inaweza kupanda papo hapo. Ataiwekea fremu na kioo. Gari atakuruhusu uguse. Karatasi, hapana.

Sasa mimi nataka tuihakiki karatasi hiyo. Biashara nzima ya kuwinda konvatibo za zamani za Marekani ni biashara ya kusoma, na wasomaji wake ni hodari kweli kweli. Kuna kitu kimoja tu wasichokisoma.

Chukua Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 yenye paa la kukunja. Ziliundwa 11 pekee. Nambari ya chesisi huanza na BS27R1B, na kila herufi ina kazi yake: B ni Barracuda, S ni daraja la bei, 27 ni konvatibo, R ni injini ya Hemi ya inchi 426 za ujazo, 1 ni mwaka, na B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit pande karibu zote. Shairi zima la herufi saba, na hakuna herufi ya kupamba. Mwaka 2014 moja ya gari hizo 11 iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Na usidhani zilikuwa chache kwa sababu zilitamaniwa sana. Zilikuwa chache kwa sababu hazikununuliwa! Injini ya Hemi peke yake iliongeza karibu dola 900 kwenye bei, bima ya kijana mwenye gari kama hilo ilikuwa balaa, na waliopenda mbio walijua konvatibo ni nzito kuliko ndugu yake wa paa la chuma. Kilichokosa soko 1971 ndicho kinachoitwa hazina leo.

Sisi tunaonunua Vitz na Demio kutoka Japani tunaijua kidogo hadithi hii. Ile karatasi ya mnada yenye gredi 4 au 4.5, na mchoro wa gari uliowekwa alama mahali penye mikwaruzo, tunaiamini kuliko maneno ya mwenye yadi. Tofauti ni kwamba karatasi ya Japani iliandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Ya Hamtramck haikuandikwa kwa ajili yako wala yangu. Iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye spana mkononi, na ndiyo maana naipenda kuliko vyeti vyote vilivyokuja baadaye. Haimbembelezi mtu.

Ukitaka kujua kampuni ilijithamini vipi, angalia ilitunza nini. Pontiac ilihifadhi ankara za magari yake kuanzia 1961, na hadi leo mwenye gari anaweza kupata nakala. Chrysler ina kadi za magari yake mpaka ya 1967. Baada ya hapo, mwenye Plymouth au Dodge anategemea kibati kilichofungwa kwenye bodi karibu na injini, na hiyo karatasi ya chini ya kiti. Ford ni kinyume kabisa: hazina ya data inaanza 1967, na kampuni ya Marti Auto Works ndiyo yenye leseni ya kuitumia kutoa ripoti. Mnakumbuka lile gari la filamu ya Thelma & Louise, Thunderbird ya kijani kibichi hafifu? Ni konvatibo ya 1966. Ford iliunda 5,049 za aina hiyo mwaka huo, na hakuna hata moja inayoweza kupata ripoti ya Marti. Imepitwa na mwaka mmodi tu, bana.

Chevrolet ndiyo msiba wenyewe. Mwaka 1970 ilitoa Chevelle SS 454 yenye injini ya LS6, na hesabu inayojulikana ni 4,475 kwa jumla. Ngapi kati ya hizo zilikuwa za paa la kukunja? Kampuni haikuacha hesabu hiyo, kwa hivyo watu wanakisia, na kila anayekisia ana gari la kuuza. Ubaya zaidi, nambari ya chesisi ya Chevelle ya mwaka huo haisemi kama gari ni SS. 13667 inasema Malibu, V8, konvatibo, basi. Ukiwa na Malibu ya kawaida, injini ya kununua na nembo mbili tatu, umejitengenezea gari la bei mara kadhaa ya lile ulilonalo, na hakuna faili kiwandani la kukusuta. Ila sasa kuna kichekesho: General Motors ya Canada ilitunza rekodi zake. Kwa hivyo Chevelle mbili zilizotoka kiwanda kimoja, moja ikauzwa Ontario na nyingine Ohio, leo ya Ontario ina cheti na ya Ohio ina kiapo cha mwenyewe tu.

Nimetaja vyeti, na hapa nitakuwa mkali. Ripoti hizi za kulipia huandikwa kwa ustadi. Zinakupa siku gari lilipoagizwa, siku lilipoundwa, muuzaji aliyelipokea. Hayo ni ya thamani. Lakini kuna sehemu ya takwimu ambayo ndiyo wauzaji hukimbilia: gari hili ni moja kati ya 40 zenye gia hii, moja kati ya 9 zenye gia hii na rangi hii, moja kati ya moja zenye gia hii na rangi hii na redio hii na kioo cha upande wa kulia. Haya ni maandishi ya ulaghai hata pale kila nambari ni ya kweli. Ukiendelea kuongeza vigezo, hata mathree ya Githurai itakuwa ya pekee duniani. Msomaji wa fasihi anaujua mchezo huu: ni ile sifa inayorundikwa juu ya sifa mpaka mhusika anapotea.

Kampuni zenyewe zilicheza mchezo huo kabla ya wauzaji. Cadillac iliitangaza Eldorado ya 1976 kuwa konvatibo ya mwisho ya Marekani. Zikaundwa 14,000, na 200 za mwisho zikapakwa rangi nyeupe kila mahali kwa ajili ya miaka 200 ya taifa. Watu walinunua na kuzifungia gereji kama hisa. Mwaka 1984 Cadillac ikarudi na Eldorado ya paa la kukunja, na baadhi ya wanunuzi wakaenda kortini wakisema walidanganywa. Neno "mwisho" lilikuwa tangazo la biashara, wao wakalisoma kama rekodi.

Wawindaji wenyewe nawaheshimu. Wanakusanya nambari moja moja, wanalinganisha picha za zamani, wanajua gari liligongwa wapi na bonneti ilibadilishwa lini. Wamegundua hata kwamba karatasi iliyo chini ya kiti mara nyingine si ya gari hilo. Ni ya gari jingine lililokuwa kwenye laini siku hiyohiyo. Anayekuta karatasi ya namna hiyo huanza kumtafuta mwenye gari la pili ampe habari njema. Hiyo ni kazi ya jirani mwema, na hailipwi.

Ila kuna lawama yao moja ambayo siwezi kuiunga mkono. Zamani, katika majimbo mengi, uliweza kuiandikia ofisi ya magari, ukalipa ada ndogo, ukapewa jina na anwani ya mwenye gari. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni pake Los Angeles na mtu aliyekuwa akimwandama. Anwani yake ilikuwa imetoka kwenye rekodi za magari za California. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1994 ya kuzuia rekodi hizo zisitolewe ovyo. Wawindaji wengi bado wanaililia njia ile ya zamani. Mimi nasema gari lisilopatikana si hasara kubwa hivyo.

Turudi Hamtramck, kwa sababu hapo ndipo kuna kile kisichosomwa. Kiwanda kiliitwa Dodge Main. Mei 1968 wafanyakazi waligoma bila idhini ya chama chao, wakipinga laini kuharakishwa. Adhabu iliwaangukia Weusi zaidi, na kutokana na mgomo huo likazaliwa DRUM, vuguvugu la wafanyakazi Weusi wa Dodge. General Baker, mmoja wa waanzilishi, alifukuzwa kazi. DRUM ilipigana na wasimamizi na pia na chama cha wafanyakazi cha UAW, ambacho iliona kinawabagua. Na ilikuwa na karatasi yake, jarida la kurasa chache lililogawiwa langoni watu wakiingia zamu, likieleza usalama mbovu wa mashine, wasimamizi wabaguzi, na nani kafukuzwa.

Kwa hivyo kiwanda kimoja, miaka ileile, kilitoa karatasi mbili. Moja inasema kila kitu kuhusu gari na haimtaji binadamu. Nyingine inamtaja binadamu kwa hasira, na gari kwake ni kitu kinachokuja mbio kupita kiasi. Karatasi ya kwanza iko kwenye fremu za matajiri. Ya pili imehifadhiwa pamoja na makusanyo mengine ya vuguvugu hilo katika maktaba ya Walter P. Reuther ya chuo kikuu cha Wayne State, Detroit, na yeyote anaweza kwenda kuomba kuisoma. Sijui kama kuna mtu anayeweza kudai ameisoma 'Cuda ya 1971 mpaka mwisho bila kuziweka karatasi hizo mbili pamoja. Usahihi ule wote wa EV2 na E74 ulipatikana kwa kasi, na kuna watu waliosema kwa maandishi kasi hiyo iliwafanya nini. Asiye na muda wa maktaba atafute filamu ya Finally Got the News, ya 1970.

Riwaya moja iliwahi kuliona hili. Katika Ragtime ya E. L. Doctorow, ya 1975, Coalhouse Walker, mpiga piano Mweusi, ana Ford Model T ya paa la kukunja, mpya, inang'aa. Wazimamoto Wazungu wanamzuia njiani, na akienda kutafuta msaada wanalichafua kwa matope na kinyesi na kulirarua paa. Anachodai Coalhouse ni kidogo sana hadi kinatisha: gari lirudishwe lilivyokuwa. Watu wanakufa kwa sababu ya dai hilo. Na mwishowe, mbele ya maktaba ya J. P. Morgan mjini New York, mkuu wa wazimamoto analazimishwa kuliunda upya barabarani, kwa mikono yake, watu wakitazama. Doctorow anajua kwamba kurejesha gari bila kuuliza nani aliliharibu na nani analitengeneza ni kupiga rangi tu. Soko la leo la konvatibo linafanya urejeshaji mzuri kuliko ule, kwa vifaa bora zaidi, na swali hilo halimo.

Dodge Main ilifungwa 1980 ikabomolewa. Sehemu ya mtaa wa jirani, Poletown, ilibomolewa pia, maelfu ya watu wakahamishwa, na ardhi yote ikapewa General Motors wajenge kiwanda kipya.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo wapenzi wa magari haya wataniambia nisilisahau, nao wana haki. Wafanyakazi wa laini walikuwa wakiweka alama kwa chaki au kalamu ya nta kwenye ukuta wa injini na chini ya bodi: mstari, nambari, herufi mbili za kuonyesha kazi imekaguliwa. Mafundi bora wa leo huzipiga picha alama hizo kabla ya kukwangua rangi, kisha huzinakili kwa mkono mahali palepale, pamoja na pale ambapo mkono wa kwanza uliteleza. Kwenye maonyesho majaji huinama na tochi kuzitafuta. Chaki ikiwa nadhifu kupita kiasi, wanakata pointi.