Hongereni, Maafisa Uhusiano

Nawapongeza maafisa uhusiano wa Dar es Salaam. Baadhi yao wamesomea Mikocheni, katika shule ya uandishi wa habari iliyoanza mwaka 1975 na kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Darasa linasaidia, ila kujiamini hukomaa mtaani.

Nilimwona mmoja Mbagala, maji yamekatika siku ya nne, ndoo zimepanga foleni. Alianza na bibi aliyekaa mbele: "Shikamoo." Kisha akaeleza mafundi wamefikia wapi. Alipoulizwa maji yatarudi lini, alijibu hajui, akachukua namba ya simu ya mjumbe wa mtaa. Jioni akampigia.

Namba hiyo ndiyo mtaji wake. Vijana mnaoingia kazini, anzeni kwa mjumbe wa mtaa wenu.