Mkono wa Sista

Chanjo ya BCG, ya kuzuia kifua kikuu, ni tone tu: 0.05 ya mililita kwa mtoto mchanga. Haitakiwi kwenda kwenye nyama wala kwenye mshipa. Makao yake ni ndani ya ngozi yenyewe, na ngozi ya mtoto wa siku mbili ina unene wa milimita moja hivi. Muuguzi anayeijua kazi huivuta ngozi ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, akailaza sindano karibu sambamba na mkono, tundu lake likitazama juu, akaiingiza mpaka tundu likazama, kisha akasukuma polepole. Vidole vyake husikia ngozi ikikataa. Dawa ikiingia kwa wepesi, ujue imekosea njia, na huenda wiki zijazo mtoto akavimba kwapa. Ikienda sawa, ngozi huinuka kiuvimbe cheupe chenye vishimo kama ganda la chungwa. Baadaye hutoka kipele, kinapasuka, kinakauka. Kovu linalobaki Wakenya wengi huenda nalo kaburini.

Muuguzi aliyenifanya niitazame kazi hii kwa makini alitumika pwani ya kusini ya Kenya, kati ya Diani, Msambweni na Shimoni. Jina lake naiachia familia yake. Kina mama walimwita Sista, kama wanavyowaita wauguzi wote, lakini wakisema “Sista” bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni nani.

Alikuwa na mpangilio wake. Kwanza aliisugua mikono mpaka ipate joto. Kisha akamwamkia mama kwa Kidigo, akaulizia waliobaki nyumbani, na huku anauliza ameshaifungua leso na kuutazama mwili wa mtoto wote: macho kama yana umanjano, kitovu kama kimekauka, pumzi inakwendaje. Mama alidhani wanazungumza tu. Alimtaka amnyonyeshe mtoto wakati wa sindano, maana mtoto anayenyonya huumia kidogo na mkono wake hutulia. Halafu Bismillahi, ya chini kwa chini, na kazi imekwisha kabla mtoto hajaamua kulia.

Lakini ufundi wake mkubwa niliuona kwenye kichupa, sindano ikiwa bado haijashikwa. Kichupa kimoja cha BCG huwa na dozi 20. Ni unga, ukishauchanganya na maji yake unakaa saa 6 tu, kisha unamwagwa. Sasa zahanati ndogo ikipata watoto wawili siku hiyo, ifungue kichupa na kupoteza dozi 18, au iwaambie kina mama warudi siku ya wengi? Zahanati nyingi huchagua siku moja ya wiki, na hesabu yao inaeleweka. Sista alimtazama mama kwanza. Wa jirani alimpa siku ya kurudi, na akihofia atasahau, alimtuma mtu kumkumbusha. Aliyevuka kwa mashua kutoka kisiwa cha Wasini na kichanga kifuani alimfungulia kichupa palepale. Dawa italetwa nyingine, alisema, ila mama huyu akiondoka hivi huenda tusimwone tena. Naamini alikuwa sahihi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani nayo inasema afunguliwe hata mtoto mmoja.

Msambweni ina sababu yake ya kuiheshimu chanjo hii. Pale Tumbe ndipo walipotunzwa wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi, na vijidudu vya ukoma na vya kifua kikuu ni ndugu. Chanjo ambayo wanasayansi Calmette na Guérin waliihangaikia kwa miaka 13, ikatolewa mara ya kwanza kwa mtoto huko Paris mwaka 1921, ilikusudiwa kifua kikuu, lakini humkinga mtoto na ukoma pia kwa kiasi. Sista aliwahi kuuguza vidonda vya wagonjwa wa ukoma, na kazi hiyo ilimfunza kutazama. Ukoma huua hisia. Mgonjwa hukanyaga mwiba au kaa la moto asijue, kwa hiyo hawezi kukuonya unapomuumiza, wala kukuonyesha palipooza. Muuguzi ndiye husikia kwa niaba yake. Unaloweka miguu kwenye maji, unaparuza sugu taratibu, unapaka mafuta ili unyevu usitoke, unapapasa kati ya vidole ukitafuta joto lisilo la kawaida. Alifanya hivyo kwa mikono iliyotulia, akipiga soga, na wagonjwa waliozoea kukimbiwa walijua tofauti.

Nyumbani alikuwa mke na mama wa watoto waliojua zamu ya usiku maana yake nini. Mama mkwe ndiye aliyewalaza. Ramadhani nyingi alifuturu kwa tende amesimama mlangoni mwa wodi ya wazazi. Watoto wake mwenyewe walipanga foleni ya kliniki kama wa wenzao. Hakuwapitisha mbele hata siku moja, na binti yake mmoja bado anayasema hayo kwa fahari.

Alipofariki, watu walisifu upole wake, swala zake na subira yake. Yote kweli. Mikono haikutajwa na mtu, nami niliona tumemsahau nusu. Upole wake haukuwa tabasamu. Ulikuwa kujua pembe ya sindano, na kuijua kila siku, hata kwa mtoto wa mwisho wa foleni.

Katikati ya mwaka 2025 BCG iliadimika nchini, kina mama wakarudishwa nyumbani na vichanga vyao. Serikali ilinunua nyingine, na ni vyema. Ila mkono hauagizwi kwa meli. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kiko Msambweni palepale, na wauguzi wakongwe wa Kaunti ya Kwale wanastaafu kila mwaka. Naiomba kaunti imwachie kila anayekaribia kustaafu mwaka wake wa mwisho akae na wanafunzi wa chuo hicho kwenye meza ya chanjo, malipo yake yaleyale, awashike mikono.