Elimu Iliyomo Ndani ya Karai

Anayewatazama kwa mbali wachimbaji wa Salamabila, kule Kabambare kusini mwa Maniema, huona makoleo, matope na migongo iliyoinama, akaondoka akiamini kwamba kazi yao ni nguvu na bahati, basi. Imani hiyo imewafaa wengi: makampuni, maofisa, wanunuzi, hata watoto wa wachimbaji wenyewe wanapotaka kueleza kwa nini hawana haja ya kujifunza chochote kwa baba zao. Nami naona ni imani potofu. Kutafuta dhahabu kwa jicho, mkono na maji ni fani yenye kanuni zake, ushahidi wake na namna yake ya kujisahihisha, na inatutoka mikononi kwa sababu hatukuwahi kuihesabu kuwa elimu.

Tazama kinachofanyika ndani ya karai moja. Mjuzi hachoti udongo popote. Huchota upande wa ndani wa kona ya kijito, pale maji yanapopunguza mwendo, au nyuma ya jiwe kubwa, au ndani ya nyufa za mwamba wa chini, maana dhahabu ni nzito kama mara saba kuliko kwatzi, lile jiwe jeupe ilimozaliwa, na maji yakilegea kidogo tu dhahabu huzama. Kabla ya kutikisa chochote husugua mabonge ya mfinyanzi kwa vidole mpaka yayeyuke kabisa, kwa sababu bonge lisiloyeyuka hukumbatia chembe na kuondoka nazo. Kisha karai hutikiswa ikiwa ndani ya maji ili vizito vishuke. Huinamishwa, na maji huachwa yachukue cha juu kidogo kidogo, mawe kwanza, halafu changarawe, halafu mchanga mweupe. Mwishoni hubaki mchanga mweusi wenye chuma, kiasi cha kijiko, na mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono huusogeza pembeni na kufunua mstari wa njano. Ulanga nao hung'aa na umewadanganya wageni wengi, lakini ulanga huchukuliwa na maji, na mng'ao wake huzimika karai ikitiwa kivulini. Dhahabu haibadiliki rangi juani wala kivulini. Hapo asiyejua hushangilia. Anayejua huanza kuhesabu. Zimeingia chembe ngapi? Zina kingo kali, bado zimeng'ang'ania vipande vya kwatzi, au zimepondeka na kulainika kama mbegu za tikiti? Zenye kingo kali hazijasafiri mbali. Basi hupanda na kijito, karai baada ya karai, na chembe zinapokatika ghafla hurudi nyuma hatua chache, huacha maji na kuupima mteremko wa kilima kwa utaratibu uleule, mpaka ajue mshipa umelala wapi. Hakuna ramani aliyopewa. Ramani ameichora kichwani mwake kwa hesabu ya chembe, na ikiwa hesabu haikubaliani na dhana yake, dhana ndiyo inayotupwa. Jiolojia ya vitabuni haifanyi jambo tofauti inapopima mashapo ya mito.

Kuna fani nyingine, ndugu ya hii, ambayo leo ina sifa kubwa zaidi: kuwinda madonge ya dhahabu kwa detekta katika nchi kavu. Jangwani karai haina maji, na detekta hutuma mapigo ya sumaku ardhini na kusikiliza metali gani inajibu. Mwaka 1980, huko Kingower nchini Australia, Kevin Hillier aliinua kwa msaada wa chombo hicho donge la kilo 27 lililopewa jina Hand of Faith. Baada ya Sudani kupoteza mafuta mengi mwaka 2011, Sudani Kusini ilipojitenga, watu walimiminika jangwani kutafuta dhahabu. Kuanzia 2014 mkondo wa namna hiyo ukaelekea Djado, kaskazini mwa Niger. Fani hiyo naiheshimu. Anayeijua vizuri hutembea polepole, husoma makorongo makavu, huutambua mlio wa jiwe lenye chuma na kuupuuza, na hujua kwamba ni yeye anayeamua pa kukanyaga, mashine haiamui. Hata donge kubwa zaidi la Australia, Welcome Stranger la mwaka 1869, lilipatikana sentimita chache tu chini ya udongo, zaidi ya karne moja kabla ya donge la Kingower, na watu waliokuwa wakiifanyia kazi ardhi ileile kila siku.

Lakini tofauti yake na karai inatufundisha jambo. Detekta husikia kipande chenye ukubwa wa kutosha kujibu. Mbele ya vumbi la dhahabu ni kiziwi. Karai hukusanya hata ile chembe ambayo jicho linaitafuta kwa shida. Na ardhi nyekundu ya Maniema, iliyojaa mawe yenye chuma, ingeijaza spika ya mashine kelele zisizokwisha. Tena hii ni nchi iliyopita vita juu ya vita: kinacholia chini ya majani makavu kinaweza kuwa ganda la risasi. Anayesema kwamba mashine imekuja, hivyo fani ya zamani haina kazi, hajauliza mashine hiyo ilitengenezewa ardhi gani.

Ushahidi mzito zaidi uko palepale Salamabila, kwenye machimbo ya Namoya. Vilima kama Mwendamboko na Kakula vimechimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilipojenga mgodi wa kisasa, ilichagua kurundika mawe yenye dhahabu na kuyapitishia maji yenye sianidi. Tatizo likawa udongo laini, mwingi kuliko ilivyotarajiwa. Maji hayakupenya kwenye marundo inavyotakiwa, mitambo ya kuufinyanga udongo ikabidi iongezwe, na uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa kuanza Januari 2016 tu. Sisemi kwamba wahandisi hawakuijua kazi yao. Kiwango chao ni kingine na hesabu zao ni nyingine. Ninalosema ni kwamba mfinyanzi wa vilima hivyo ndio jambo la kwanza ambalo mkono wa mchimbaji wa Salamabila hushughulika nalo, kabla hata karai haijatikiswa. Elimu ilikuwepo getini. Mazungumzo na wachimbaji yalihusu kuwahamisha, si kujifunza kwao.

Mtu atasema: unaisifu kazi inayoua. Ni kweli mashimo huporomoka, mito huchafuka, watoto hubebeshwa mizigo, na watu wenye bunduki hutoza ushuru mlangoni mwa shimo. Kuanzia Machi 2017, wafanyakazi wa Namoya walipotekwa nyara, jina la Salamabila limekuwa likitajwa zaidi kwa habari za wapiganaji wa kundi la Mai-Mai Malaika kuliko kwa habari za dhahabu, na mwaka 2019 kampuni ilisimamisha kazi. Lakini maovu hayo yachunguzwe moja moja. Shimo huporomoka linapochimbwa kwa pupa bila nguzo. Kilima huharibiwa chote watu mia wanapokimbilia uvumi bila yeyote kupima mteremko. Mjuzi wa karai huchimba mahali pachache, kwa kuwa amejua kwanza. Upungufu wa fani ndio unaotapanya ardhi, na wanaoitetea ardhi wangekuwa na sababu ya kuitetea fani pia.

Mwingine atasema kwamba naupamba umaskini. Basi awatazame wanawake, ambao mila ya machimboni huwakataza kuingia shimoni. Wao hutwanga mawe na kuosha upya mchanga uliokwisha kuoshwa na wanaume, na wanaishi kwa kile ambacho wenzao walishindwa kukiona. Mtu hawezi kupata riziki katika mabaki ya mwenzake ila kwa kuwa na mkono mwepesi kuliko wake. Kwangu wao ndio mabingwa wa fani hii, na wao ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote, mbele ya mizani ambayo kijiti cha kiberiti kinaweza kuwa ndicho jiwe la kupimia.

Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002 inamtambua mchimbaji mdogo kwa kadi. Kadi inataka mambo kama uraia na umri; ujuzi haina pa kuuandika. Vijana nao wamejifunza kwa walioandika sheria: pampu na mashine ya kusaga vinaheshimika, mzee anayehesabu chembe kijitoni anaonekana anapoteza muda, na habari za machimbo mapya zikifika kwa simu, kijiji huhama bila karai moja kutangulia. Na ni walewale wenye karai walioijenga hazina hii yote tangu mwanzo, maana watafiti wa kikoloni mashariki mwa Kongo walifanya kazi na vikosi vya vibarua wa Kiafrika waliowaoshea mchanga mto kwa mto. Majina ya vilima yameingia kwenye ripoti za makampuni, Mwendamboko, Kakula, Muviringu. Majina ya waliosimama majini wakazihesabu chembe hayakuandikwa, na wanaowarithi leo wangali hai, na bado hakuna anayewauliza.