Kanyagio Hufungua, Uzito Hufunga

Siku ya Jumapili, watu wakiwa mandari ufukweni, litazame deli la barafu linavyotumika. Mama amempakata mtoto mkono mmoja, wa pili umeshika sahani ya samaki. Kijana ametoka majini, viganja vimejaa mchanga. Kila mmoja anataka chupa moja tu ya maji. Kifuniko kinasukumwa kwa kiwiko, kinaegemea nyuma, chupa inatolewa, na hapo kifuniko kinasahaulika. Baada ya muda barafu imekuwa maji, na soda za mwisho zinanyweka vuguvugu. Kosa si la mama wala la kijana. Ni la aliyebuni kifuniko kinachongoja mkono urudi kukifunga, wakati mkono huo tayari una chupa.

Ndiyo maana ninaamini kwamba deli linalofunguka bila mikono lisibuniwe kwa kuanza na kufungua. Swali la kwanza ni kufunga, na hesabu ya joto inaonyesha kwa nini.

Chukua deli la lita 30, ambalo ndani lina urefu wa sentimeta 40, upana wa 25 na kina cha 30. Kuta zake ni povu la poliyurethini lenye unene wa sentimeta 3. Nje joto ni nyuzi 32 za Selsiasi, ndani kuna barafu kwenye nyuzi 0. Joto linalopenya pande zote sita ni kama wati 16. Kilo moja ya barafu huhitaji kilojuli 334 ili iyeyuke, kwa hiyo kuta peke yake hula takriban gramu 170 za barafu kila saa. Kwa mwendo huo, kilo 5 za barafu zinaweza kuvuka usiku mzima na kufika asubuhi ya pili.

Sasa fungua kifuniko. Tuseme hewa yote ya ndani imetoka na nafasi yake kuchukuliwa na hewa ya pwani yenye unyevu mwingi. Kuipoza hewa hiyo kunagharimu takriban gramu 8 za barafu, na zaidi ya nusu ya gharama hiyo hutokana na mvuke unaogeuka matone juu ya chupa, si joto la hewa yenyewe. Hiyo ni hali mbaya kabisa, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hupenda kubaki chini ndani ya deli linalofungukia juu. Kwa maneno mengine, kufungua na kufunga upesi mara ishirini hakuzidi sana hasara ya kuta kwa saa moja.

Kifuniko kikiachwa wazi, mambo hubadilika. Upepo wa bahari huleta hewa mpya bila kukoma, na jua huingia. Jua la adhuhuri humwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mdomo wa deli letu ni sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, yaani wati 100 zinaangukia moja kwa moja juu ya barafu na chupa. Hata kama sehemu ya mwanga huo itarudishwa nje, bado ni mara kadhaa ya joto linalopita kwenye kuta zote. Kwa hiyo sharti la kwanza la mchoro ni hili: kifuniko kifunguke mguu ukikanyaga, na kijifunge chenyewe mguu ukitoka.

Sharti hilo lilikwisha kutimizwa mahali pengine. Mwaka 1939, nchini Denmark, Holger Nielsen alitengeneza pipa la taka la kanyagio kwa ajili ya saluni ya mkewe, Marie. Deli nalo lina historia yake. Richard Laramy wa Joliet, Illinois, aliomba hataza ya sanduku la barafu la kubebeka mwaka 1951 na akaipata mwaka 1953. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Igloo iliuza Playmate, deli lenye kifuniko cha umbo la hema kinachofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hapo mikono ilipungua kutoka miwili hadi mmoja.

Kuliunganisha pipa la Nielsen na deli la mandari kunaonekana kazi ndogo. Lakini pipa la saluni husimama juu ya sakafu ngumu, kifuniko chake ni bati jembamba, na halina haja ya kuzuia baridi isitoke. Deli hukaa juu ya mchanga, kifuniko chake ni kinene, na lazima kizibe. Tofauti hizo tatu ndizo zenye kazi.

Anza na kifuniko. Kiwe na kilo 1.2, na uzito wake ukae sentimeta 20 kutoka kwenye bawaba. Wenzo unapita chini ya deli, na mwisho wake wa nyuma unasukuma fito inayoinua kifuniko sentimeta 3 tu kutoka kwenye bawaba. Karibu hivyo na bawaba, kifuniko cha kilo 1.2 huwa mzigo wa kilo 8. Ongeza ukanda wa sumaku unaokishika kifuniko kwenye ukingo wa mbele kwa nguvu ya kilo 1: kwa kuwa ukingo huo uko sentimeta 35 kutoka kwenye bawaba, sumaku pekee huongeza karibu kilo 12. Jumla ni kilo 20 kwenye fito, na kama egemeo liko katikati ya wenzo, mguu nao unasukuma kilo 20.

Mtu mzima anaziweza kilo 20 bila taabu. Deli lenyewe ndilo lisiloziweza. Kanyagio limetokeza sentimeta 5 mbele ya deli, kwa hiyo mguu unaliinamisha deli mbele kwa kilo 20 mara sentimeta 5, yaani 100. Deli tupu la kilo 4, lenye upana wa nje wa sentimeta 31, linajizuia kwa kilo 4 mara sentimeta 15.5, yaani 62. Litapinduka. Likijaa chupa na barafu litatulia, na hapo ndipo mtego ulipo: fundi akilijaribu likiwa limejaa ataridhika, kisha jioni, chupa zikiwa zimebaki mbili, litamwangukia mtoto miguuni.

Dawa yake ni kupunguza mzigo kwanza. Springi kwenye bawaba ibebe nusu ya uzito wa kifuniko, na sumaku ishushwe hadi kilo 0.4. Mzigo kwenye fito unashuka hadi karibu kilo 9. Kisha egemeo lisogezwe nyuma ili upande wa mguu uwe mrefu mara moja na nusu ya upande wa fito. Mguu sasa unasukuma kilo 6 tu, na nguvu ya kupindua inakuwa 30, chini ya nusu ya 62. Fito ikipanda sentimeta 3, mguu unashuka sentimeta 4.5, kwa hiyo deli linahitaji miguu ya sentimeta 5. Miguu hiyo iwe mipana na itanuke nje kidogo, kama matengo yanavyoishika ngalawa, isije ikazama mchangani.

Springi ina hila yake. Kifuniko kinapoinuka, uzito wake huzidi kuegemea kwenye bawaba na nguvu yake ya kurudi hupungua. Springi yenye nguvu ileile mwanzo hadi mwisho itakishinda huko juu, na kifuniko kitabaki wazi, tukarudi tulikotoka. Kwa hiyo springi ikazwe kifuniko kikiwa kimefungwa, na iishiwe nguvu kabisa kifuniko kikifika nyuzi 60. Kizuizi kisimamishe kifuniko kwenye nyuzi 75, kisivuke wima. Hapo uzito utakirudisha kila mara.

Fito nayo isipite ndani ya povu. Chuma hupitisha joto kiasi cha mara 2,000 ya povu la poliyurethini. Fito yenye eneo la mkato la sentimeta 1 ya mraba ikitoboa ukuta, huvujisha joto sawa na sentimeta 2,000 za mraba za povu lenye unene uleule, karibu theluthi moja ya deli zima. Ndiyo sababu bawaba inakaa kwenye mabano nje ya ukuta wa nyuma, na fito inapanda nje. Pini za bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, na mashimo yake yavikwe nailoni, kwa sababu chumvi na mchanga hula chuma cha kawaida upesi.

Kuhusu kuziba, jokofu la nyumbani lilikwisha kutufundisha. Zamani milango yake ilikuwa na komeo, na watoto waliojificha ndani wakakosa hewa wakafa. Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka mlango uweze kufunguliwa kutoka ndani, na mpira wenye sumaku ukachukua nafasi ya komeo. Deli nalo lifuate njia hiyo: sumaku na mpira laini vizibe, bila kitasa cha kujifunga. Kwa safari, mpini wenyewe uwe kufuli. Ukiinuliwa kubeba, unakikaza kifuniko. Deli likiwekwa chini, mpini unalala na kifuniko kinakuwa huru.

Wapo wanaopendelea mota na kihisio cha mkono. Kwa mandari siwaungi mkono. Betri huisha, maji ya chumvi huingia, na kila apitaye karibu hulifungua deli bila kukusudia. Mguu hukanyaga pale tu mtu anapotaka.

Ukitengenezewa deli la namna hii, lipime kabla hujalipia. Liweke tupu juu ya mchanga na ukanyage kwa nguvu. Lisiinue miguu yake ya nyuma. Ondoa mguu ghafla ukiwa umeshika vitu mikono yote miwili, uone kama kifuniko kitarudi chenyewe hadi mwisho. Kisha bana karatasi kwenye ukingo wa kifuniko na uivute taratibu, pande zote nne. Karatasi ikiteleza bila kushikwa popote, baridi itatokea hapohapo. Ikishikwa kila upande, mama atachukua maji yake, atamgeukia mwanawe, na hatahitaji kulikumbuka deli tena.