Joto Mahali Pake

Kanuni ya joto la umeme ilipatikana kwa mwana wa mpika bia. James Prescott Joule, aliyezaliwa Salford, nchini Uingereza, mwaka 1818, katika nyumba ya tajiri wa kiwanda cha pombe, alisomeshwa hesabu na John Dalton, na kabla hajatimiza umri wa miaka 23 alikwisha kuonyesha ya kuwa joto lizaliwalo ndani ya waya hufuata mraba wa mkondo wa umeme upitao humo, ukizidishwa kwa ukinzani wa waya wenyewe. Maana yake, mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kanuni hii haina rafiki wala adui, wala haiulizi kama joto limetakiwa au halikutakiwa; nami naona kwamba fahari yote ya ufundi ninaokusudia kuusifu, yaani ufundi wa kuunga nyaya za sanduku linaloongoza mtambo wa kupikia bia nyumbani kwa umeme, imo katika kuliamuru joto lizaliwe pale lilipoandaliwa, na kulizuia lisizaliwe penginepo.

Msomaji aliyeharimishiwa kileo na dini yake asidhani kwamba nataka kumpambia ulevi. Ninachosifu ni mkono wa fundi, na mkono huo ungalistahili sifa ile ile hata kama sufuria ingalijaa maji matupu. Ufundi wenyewe umestawi sana Marekani. Huko marufuku ya vileo ilikoma mwaka 1933, lakini idhini ya raia kujipikia bia bila kutozwa kodi haikupatikana mpaka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria ya mwaka 1978, iliyoruhusu galoni 100 kwa mwaka katika nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 katika nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Majiko ya gesi yalitumika, na hata leo yanatumika. Ila gesi ikiwaka ndani ya nyumba isiyo na madirisha ya kutosha hutoa hewa ya sumu, na moto wake hupandishwa na kushushwa kwa kukisia, ndipo wengi wakaugeukia umeme.

Hita inayopendwa kwa kazi hii ni ya wati 5,500 kwa volti 240, nayo huvuta karibu ampea 23. Kwa nguvu hizo lita 40 za maji hutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi nyuzi 67 kwa muda wa dakika 24 hivi, tusipohesabu joto lipotealo njiani. Lakini kufika si kazi, kazi ni kutulia. Shayiri iliyoota na kukaushwa, ikisagwa na kutiwa katika maji ya moto, hugeuza wanga wake kuwa sukari kwa nguvu ya vimeng'enya vilivyomo. Na vimeng'enya hivyo vina tabia mbalimbali, kwani penye nyuzi 63 hivi hutoka sukari ambayo hamira huila yote, na bia huwa nyepesi na kavu, ilhali penye nyuzi 70 hubaki sukari isiyoliwa, na bia huwa nzito kinywani. Tofauti ya nyuzi chache, basi, ndiyo tofauti ya bia na bia.

Kulinda nyuzi hizo ni kazi ya kidhibiti kidogo kikaacho katika mlango wa sanduku. Hesabu yake ilielezwa bayana mwaka 1922 na Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, aliyekuwa akichungua jinsi mshika usukani hodari aongozavyo merikebu: hatazami tu chombo kimepotoka kiasi gani sasa, bali hukumbuka kimepotoka kwa muda gani, na hukadiria kinapotoka kwa mwendo gani. Kidhibiti nacho hufanya vivyo hivyo kwa joto, kikipokea habari kutoka kwa kipimajoto cha platini ambacho ukinzani wake huongezeka kwa sehemu ndogo ya omu, chini ya nusu, kwa kila nyuzi moja. Kiungo kimoja kilicholegea katika waya huo mwembamba chaweza kumdanganya mwamuzi, akahukumu uji wa kimea kuwa umekwisha kupata moto na kumbe bado. Na kwa hiyo fundi mwenye hadhari huupitisha waya wa kipimajoto mbali na nyaya nene za nguvu, usije ukapokea uvumi wao.

Amri ya kidhibiti hutekelezwa na rilei isiyo na kipande kisogeacho, ifunguayo na kufunga mkondo bila mlio. Hii nayo hutozwa ushuru wa joto: kila ampea ipitayo huacha wati moja na ushei, hata katika mzigo wetu zikapatikana wati 25 au 30, ambazo zikifungiwa sandukuni zitaiua rilei yenyewe. Ndiyo sababu hukandamizwa juu ya bapa la alumini lenye mapezi, yaliyotokeza nje kwenye hewa. Tena rilei hiyo ifapo, aghalabu hufa imefunga njia, si imeifungua, na hita huendelea kuwaka bila amri ya mtu. Basi mbele yake huwekwa kontakta, iwezayo kuukata umeme wote kwa kubonyezwa kitufe chekundu, na nyuma ya yote husimama bureka ya Kimarekani ikatayo njia mara miliampea 5 hivi zikivuja, kwa kuwa maji, chuma na mwanadamu viko karibu mno.

Lakini vyombo hununuliwa, viungo havinunuliwi. Tuchukue kiungo kimoja ambacho skrubu yake haikukazwa, kikawa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Kwa ampea 23 kiungo hicho kitatoa wati 53, sawa na balbu ya zamani iliyofungiwa katika sanduku lisilo na tundu. Plastiki italainika, shaba itafanya kutu, ukinzani utaongezeka, na joto litazaa joto mpaka moto utoke. Ndipo tunapomtambua fundi. Yeye humenya ganda la waya bila kuutia jeraha hata unywele mmoja wa shaba. Huivika ncha kofia yake ya chuma na kuibana. Hukaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa hasira ya mkono. Kisha huuvuta waya kuujaribu. Huunga waya wa ardhi kwenye sanduku na kwenye sufuria kabla ya waya mwingine wowote, huandika jina la kila ncha, na hapitishi umeme mpaka amepima njia zote kwa mita zikiwa baridi.

Kazi hiyo yote hufunikwa na mlango, na mlaji wa matunda yake huenda asiione maishani. Hivyo ni amana, na mwenye amana hupimwa kwa asichoonekana akikifanya. Basi, msomaji, ukikaribishwa nyumbani kwa mwenye mtambo kama huo, usikimbilie kusifu bilauri, unywe au usinywe. Mwombe azime umeme na kufungua sanduku, uzitazame skrubu zake. Hapo ndipo pa kutolea hukumu.