Adabu Bila "Tafadhali": Kiswahili cha Tarime na Serengeti katika Mizani ya Nadharia

Brown na Gilman (1960) waliijenga hoja yao kwa lugha za Ulaya, zikiwamo Kifaransa na Kiitaliano. Humo heshima hubebwa na kiwakilishi: Mfaransa husema *tu* au *vous*, Mwitaliano *tu* au *Lei*. Kwa kuwa Kiswahili Sanifu hakina jozi ya namna hiyo, ni rahisi mchambuzi kuitafuta adabu katika "naomba" na "tafadhali" pekee.

Kipimo hicho humwonea msemaji wa Kikuria. Kijana wa Tarime au Serengeti anapomwambia mzee, "Tata, nipe maji", mgeni husikia amri tupu, na sifa ya ukali wa Wakurya hupata ushahidi mwingine. Hata hivyo, *tata*, yaani baba, limekwisha kutaja rika na wajibu kabla ya kitenzi kutamkwa. Brown na Levinson (1987) hulitambua neno la namna hiyo kuwa mkakati wa adabu, lakini mkakati ni hiari ya msemaji. Ide (1989) anafaa zaidi: ipo adabu ambayo ni kutambua nafasi ya mtu, wala si kuchagua mbinu.

Kwa mtazamo huo, *tata* linakaribiana na *vous* kuliko na "tafadhali". Kasoro imo katika kipimo, si katika kinywa cha kijana. Mwalimu asiyelitambua hilo ataendelea kuadhibu heshima akidhani anaadhibu ufidhuli.